Mtoto anaposema anataka "kusomea kompyuta", mzazi aulize nini?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, nyumba nyingi za Arusha, kuanzia Sakina hadi vijiji vya migombani juu ya Tengeru, huwa na mazungumzo yanayofanana. Mtoto ameshika simu, anasoma orodha ya vyuo, kisha anasema: "Mama, mimi nataka kusomea kompyuta."

Mama anaitikia kwa kichwa. Moyoni anawaza mambo mawili tofauti kabisa. Kwanza anamwona yule kijana wa steshenari karibu na stendi, anayechapa barua za watu na kutoa kopi kutwa nzima. Kisha anamwona mtu aliyevaa tai, amekaa kwenye kiyoyozi ndani ya benki. Hajui mwanawe anaelekea kwa yupi. Anachojua ni kwamba ada itatoka kwenye ndizi anazopeleka soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi, kwenye maziwa, na pengine kwenye kile kiwanja alichokuwa amekitunza kwa ajili ya wadogo zake huyo mtoto.

Ndiyo maana mazungumzo haya hayafai kumalizika kwa "haya mwanangu, Mungu atusaidie." Yanahitaji maswali, na maswali hayo mzazi anaweza kuyauliza hata kama hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake.

Kompyuta ipi?

Swali la kwanza ni hilo. "Kusomea kompyuta" ni sawa na kusema "kusomea hospitali". Hospitalini kuna daktari, muuguzi, mtu wa maabara, mfamasia na mhasibu. Kwenye TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, mambo ni hayohayo.

Sayansi ya kompyuta iko karibu sana na hisabati. Anayeisoma hujifunza jinsi ya kufikiri tatizo hatua kwa hatua na kuandika programu. Teknolojia ya habari humwandaa mtu wa kusimamia mifumo ambayo ofisi tayari inaitumia, kuiunganisha, kuitengeneza ikikwama, na kuwaelekeza wanaoitumia. Uhandisi wa kompyuta unagusa vifaa vyenyewe na umeme wake. Mtu wa mitandao hulaza nyaya, hufunga minara midogo ya waifai na kuhakikisha ofisi haikatiki intaneti. Mtu wa usalama wa mtandao huwaza kama mwizi ili amzuie mwizi. Yupo pia wa takwimu na kanzidata, ambaye siku nzima yuko na majedwali.

Mtoto anayechukia hisabati na ameandikiwa sayansi ya kompyuta, muhula wa kwanza tu utamtoa jasho. Mtoto mpole asiyependa kuongea na watu, akiwekwa kwenye dawati la kusaidia watumiaji hamsini wenye hasira kwa sababu mashine ya kuchapa imegoma, hatadumu. Mzazi ndiye aliyemlea, kwa hiyo ndiye mwenye taarifa ambazo chuo hakina. Je, huyu ndiye aliyefungua redio ya babu akiwa darasa la nne? Ndiye majirani humwita simu zao zikijifunga? Ndiye aliyekuwa akikaa saa mbili na fumbo moja bila kunyanyuka?

Jambo moja wazazi wengi hulikosea: kupenda simu si kipaji cha kompyuta. Kijana anayekesha akitazama video fupi ni mteja wa wale walioandika programu hiyo. Dalili ni pale anapoanza kuuliza kitu hicho kinafanyaje kazi, au anapojaribu kukibadilisha.

Njia ya cheti haina aibu

Katika familia nyingi za Meru, kama kwingine nchini, kwenda kidato cha tano huhesabiwa kuwa heshima, na kwenda chuo baada ya kidato cha nne huhesabiwa kuwa kushindwa. Kwenye TEHAMA hesabu hiyo inafaa kufanywa upya, tena kwa kalamu na karatasi.

Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na angalau D nne zisizo za masomo ya dini anaweza kuanza astashahada, ngazi ya 4 ya mfumo wa NTA. Kila ngazi kwa kawaida ni mwaka mmoja, kwa hiyo akifika ngazi ya 6, yaani stashahada, ametumia miaka mitatu. Akiendelea na shahada ya miaka mitatu, jumla ni sita. Mwenzake aliyepitia kidato cha tano na sita atatumia miaka miwili ya sekondari na mitatu ya shahada, jumla mitano. Tofauti ni mwaka mmoja.

Lakini tuseme baba ameugua mwaka wa tatu na fedha zimekatika. Wa kwanza ana stashahada mkononi na ameshika vifaa kwa miaka mitatu. Anaweza kufanya kazi, akajilipia shahada baadaye. Wa pili ana cheti cha kidato cha sita na mwaka mmoja wa chuo ambao hauna karatasi. Kwa nyumba inayotegemea kahawa au nyanya za Ngarenanyuki, ambako bei ya msimu mmoja inaweza kuvuruga kila mpango, hilo si jambo dogo.

Njia ya kidato cha sita ina faida zake. Kwa mtoto mwenye hisabati imara, inamfikisha haraka kwenye shahada za vyuo vikuu vikubwa na kwenye kozi za uhandisi. Sharti la jumla la kuingia chuo kikuu ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Juu ya hapo kila kozi ina masharti yake, na nyingi za kompyuta huangalia hisabati kwanza. Hapo ndipo mtoto wa HKL hujikuta amefungiwa mlango aliodhani uko wazi. Tahasusi ziliongezwa mwaka 2024, na sasa ipo hata PMCs, yenye fizikia, hisabati na sayansi ya kompyuta. Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tatu au cha nne ana nafasi ya kuliwaza hili mapema, si siku ya kuchagua shule.

Kuhusu vyuo, Arusha haina shida ya kukosa. Chuo cha Ufundi Arusha, ATC, kilianzishwa mwaka 1978 na kinajulikana kwa kufundisha kwa mikono. Chuo cha Uhasibu Arusha, IAA, kilichopo Njiro, licha ya jina lake kina kozi za kompyuta kuanzia cheti hadi shahada, na wazazi wengi hukipita kwa sababu wanadhani ni cha wahasibu tu. Wapo pia wanaoishi jirani na lango la Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru, wakiliona kila siku, na wanaamini mtoto akifaulu kidato cha sita ataingia pale kwa miguu. Taasisi hiyo, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, ni ya shahada ya uzamili na uzamivu. Ni lango la kulitazamia baada ya shahada ya kwanza.

Kabla ya kulipa shilingi yoyote, mzazi amwombe mtoto amwonyeshe chuo na kozi yenyewe kwenye mwongozo wa mwaka huo, wa NACTVET kwa cheti na stashahada, au wa TCU kwa shahada. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa, huku kozi inayotangazwa kwenye bango la barabarani haimo. Kazi hiyo ni ya dakika kumi kwenye simu.

Fedha, na ile kompyuta

Bodi ya Mikopo hutangaza mwongozo wake kila mwaka, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 imeanza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizotajwa. Orodha ya fani isomwe yenyewe, isichukuliwe kwa maneno ya kwenye kundi la WhatsApp. Mkopo ni deni: mhitimu akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi limalizike. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyowatesa wengi, iliondolewa mwaka 2021.

Halafu kuna kompyuta mpakato. Hapa familia hukosea kwa pande zote mbili. Wapo wanaompeleka mtoto chuo cha kompyuta bila kompyuta, wakisema maabara ipo. Maabara ipo, lakini ina foleni, na hufungwa jioni. Kuandika programu ni kama kupika: hujifunzi kwa kumtazama mwenzako akikoroga. Wapo kwa upande mwingine wanaouza ng'ombe wa maziwa ili kununua mashine mpya inayong'aa, halafu nyumba inakosa maziwa na mtoto anakosa nauli.

Iliyotumika inatosha kabisa kwa miaka ya mwanzo. Kumbukumbu, yaani RAM, iwe GB 8 au zaidi, na diski iwe ya aina ya SSD, kwa sababu hiyo ndiyo hufanya mashine ya zamani iwe nyepesi. Rangi na wembamba havina maana. Mnunuzi aende mchana, na mtu anayejua, akae dukani saa nzima mashine ikiwa haijachomekwa kwenye umeme ili aone betri inavyoshuka, na adai risiti yenye namba ya mashine. Kompyuta isiyo na risiti inaweza kuwa ya mtu aliyevunjiwa nyumba Njiro wiki iliyopita.

Mtoto wa kike akirudi likizo

Kuna jambo dogo linalotokea nyumbani ambalo halina jina. Kaka na dada wote wako chuo, wote wamerudi likizo. Kaka anakaa na kompyuta sebuleni, watu wanapita kwa kunyata kwa sababu "anasoma". Dada anaosha vyombo, anakata majani ya ng'ombe, anapika, anamlea mtoto wa shangazi, na kompyuta anaifungua saa nne usiku akiwa anasinzia. Mwisho wa mwaka matokeo yao yanatofautiana, na ukoo unahitimisha kwamba kompyuta ni mambo ya wanaume.

Kazi hii haihitaji misuli. Inahitaji saa nyingi za kukosea na kurudia. Mzazi anayelipa ada mbili zilizo sawa na kugawa saa zisizo sawa anapoteza ada moja.

Kazi ziko wapi hapa mjini?

Wengi hudhani kazi za kompyuta ziko Dar es Salaam peke yake. Ni kweli ziko nyingi huko, lakini uchumi wa Arusha una mahitaji yake, na mtoto aliyekulia hapa anaweza kuyaona kuliko mgeni.

Utalii ndio mkubwa. Kampuni ya safari leo inamtafuta mteja aliyeko Ujerumani au Marekani kupitia tovuti, inapokea malipo yake kwa mtandao, na kambi iliyoko porini inatakiwa kuwa na intaneti kwa sababu mgeni atalalamika isipokuwepo. Mtu anayeweza kufunga mtandao mahali ambapo umeme ni wa jua na nyaya zinatafunwa na panya, na akaeleza kwa ustaarabu kwa nini umekatika, hakosi wa kumpigia simu. Malipo ya hifadhi na huduma za serikali hupita kwa kontrol namba. Hospitali nyingi za umma hutumia mfumo wa GoT-HoMIS ulioundwa na Watanzania. Mifumo hii yote inahitaji watu wa kuiunganisha, kuilinda na kuifundisha kwa wauguzi na makarani.

Wapo pia watoa huduma za intaneti wenyewe. Kabla nyaya za baharini hazijafika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ilikuja kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua. Leo mkongo wa taifa umefika hapa, na Arusha ina kituo chake cha kubadilishana data, AIXP, ambapo mitandao ya watoa huduma hukutana ili ujumbe wa kutoka Njiro kwenda Sakina usilazimike kuzunguka mbali ndipo urudi. Nyuma ya kila kituo kama hicho kuna watu wenye ngazi, koleo na kompyuta.

Kuna eneo jingine ambalo vijana wachache wameliona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kujisajili kwa tume husika na kuzilinda taarifa hizo. Hoteli inayopiga picha pasipoti za wageni imo. Shule inayohifadhi majina na afya za watoto imo. Kijana wa TEHAMA anayeielewa sheria hiyo ana cha kuuza ambacho fundi wa kawaida hana.

Kwa ajira za serikali, maombi hupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Hakuna malipo. Anayesema ana njia ya mkato kwa laki mbili, ana njia ya kwenda na laki mbili tu.

Fildi na ushahidi

Mwajiri akiwa na vyeti arobaini mezani, vyote vina maneno yaleyale. Kinachomtoa mmoja ni kitu alichokitengeneza: mfumo mdogo wa kuweka hesabu za kikoba cha mama yake, tovuti ya shule ya msingi aliyosoma, mtandao alioufunga kanisani au msikitini. Kazi hizo zihifadhiwe kwenye GitHub au mahali pengine ambapo mgeni anaweza kuzifungua na kuziona.

Hapo ndipo mzazi asiye na elimu ya kompyuta ana nguvu kuliko anavyodhani. Mafunzo kwa vitendo, wanayoyaita fildi, mara nyingi hupatikana kwa kujuana kwa wema. Baba anayepeleka mboga kwenye hoteli anamjua meneja. Mama aliye mwanachama wa SACCOS anajua kwamba wao bado wanaandika kwenye daftari. Kumpeleka kijana akajitambulishe miezi mitatu kabla, akiwa na barua ya chuo na shati lililonyooshwa, kunazaa zaidi ya kusubiri apangiwe mahali ambako atatumwa chai.

Vyeti vya kimataifa vina thamani, lakini kwa wakati wake. Mtihani wa CCNA wa mitandao hugharimu dola 300 za Marekani kabla ya kodi, na anayeshindwa harudishiwi. Masomo ya msingi ya Cisco Networking Academy, freeCodeCamp na CS50 ya Harvard yanapatikana bure mtandaoni kwa mwenye bando. Aanze na ya bure, amalize moja, ndipo familia ifikirie dola.

Na Kiingereza. Maandishi mengi ya kazi hii yako kwa Kiingereza, na mtoto asiyeweza kuandika barua pepe fupi inayoeleweka atakwama hata kama mikono yake ni ya dhahabu.

Akili unde itawanyang'anya?

Swali hili huulizwa sana tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022. Jibu la kweli ni kwamba baadhi ya kazi ndogondogo zilizokuwa za wanaoanza, kama kuandika ukurasa rahisi wa tovuti, sasa mashine inazifanya kwa dakika. Kijana aliyejifunza kunakili tu yuko mashakani. Aliyejifunza kumsikiliza mteja, kugundua kwamba anachoomba sicho anachohitaji, na kukagua kama majibu ya mashine ni sahihi, amepata msaidizi.

Hatari iko zaidi chuoni. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka mitatu akipeleka kazi zilizoandikwa na mashine, akafaulu, na asijue kitu. Mzazi ana njia ya kupima. Amwombe aeleze, simu ikiwa mezani, kile alichokitengeneza muhula huu, kwa Kiswahili ambacho bibi anaweza kukifuata. Anayejua ataeleza. Asiyejua ataanza kutupa maneno magumu.

Ofa inayong'aa mno

Ujuzi wa kompyuta huvuta watu wabaya pia. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliwaonya raia wake baada ya vijana kuahidiwa kazi nzuri Thailand na kujikuta Myanmar, wamefungiwa ndani na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Namanga iko karibu, na matangazo ya aina hiyo hayasimami mpakani. Ofa inayolipa nauli yote, haihitaji usaili wa maana, na inamtaka kijana aondoke ndani ya wiki kwa viza ya utalii, ijibiwe hapana hata kama ndugu wote wameshashangilia.

Hatari nyingine iko karibu zaidi. Kila Mtanzania amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwa namba hii." Nyuma ya ujumbe huo huwa kuna kijana anayejua laini na simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inampeleka jela na ujuzi wake. Mwanafunzi asiye na kazi anayerudi nyumbani na simu mpya ya bei kubwa aulizwe, kwa upole lakini aulizwe, fedha imetoka wapi.

Siku ya kwenda kukiona chuo

Mzazi akiweza, aende mwenyewe kabla ya kulipa, na aende siku ya kazi. Aombe kuona maabara wakati wa kipindi, ahesabu kompyuta zinazowaka na si zilizopo, alinganishe na idadi ya wanafunzi. Aulize umeme ukikatika inakuwaje. Aulize walimu wa vitendo ni wangapi na kama wapo siku hiyo.

Kisha atoke nje, amtafute mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyekaa kivulini, amsalimie na kumwuliza mambo mawili: fildi alifanyia wapi, na nani alimtafutia.